Wanawake Kumi Walimnyooshea Kidole

Jioni ya tarehe 16 Desemba 1895, Adolf Beck alikuwa akitoka nyumbani kwake katika mtaa wa Victoria, London, mwanamke asiyemjua alipomkabili na kudai arudishiwe saa zake. Beck, Mnorwei wa miaka 54, alimkana, akavuka barabara na kumwendea askari polisi kulalamika kwamba mwanamke yule anamsumbua. Mwanamke naye akavuka. Askari hakujua amwamini nani, akawapeleka wote kituoni. Aliyemwita polisi ndiye aliyelala mahabusu.

Maelezo ya yule mama yalikuwa hivi. Wiki chache kabla, bwana mmoja mtanashati alimvulia kofia barabarani, akamwomba radhi kwa kumfananisha na mtu mwingine, na mazungumzo yakanoga. Baadaye akamtembelea nyumbani, akajitambulisha kuwa ni mtu wa ukoo mkubwa mwenye mali nyingi, akamwalika safari ya kusini mwa Ufaransa, akamwandikia hundi ya pauni 40 anunue nguo za kusafiria. Kabla ya kuaga aliomba saa na pete za mama huyo, eti apate kipimo cha kumletea nyingine bora zaidi. Hundi ilikuwa hewa, na bwana hakuonekana tena.

Polisi walikuwa na malalamiko mengine ya aina hiyo: wanawake tofauti, maneno yaleyale, hundi zilezile. Tena palikuwa na jalada la zamani. Mwaka 1877 mtu aliyejiita John Smith, ambaye kwa wanawake alikuwa Lord Willoughby, alifungwa miaka mitano kwa utapeli wa namna hiyohiyo. Askari mstaafu aliyehusika kumkamata Smith aliitwa, akamtazama Beck, akaapa mbele ya hakimu kwamba mtu ni yuleyule. Akasema anaelewa uzito wa anachokisema, na shaka hana.

Kisha wanawake wakaitwa kuja kumtazama. Beck alipangwa mstari mmoja na wanaume wengine waliookotwa barabarani, lakini katika kundi lile ni yeye peke yake aliyekuwa na nywele za mvi na masharubu. Walipita mmoja baada ya mwingine. Wako waliosita, wako waliomtambua papo hapo. Mwishowe wanawake kumi walikuwa tayari kuapa mahakamani kwamba ndiye aliyewaibia. Hawa hawakuwa waongo. Walikuwa wametapeliwa kweli, wamekaa chumba kimoja na tapeli huyo mchana kweupe, wamezungumza naye, wamemsikia akisifia mashamba yake. Shahidi gani angeweza kuwa bora kuliko hao?

Kesi ilianza kusikilizwa katika mahakama ya Old Bailey tarehe 3 Machi 1896. Aliyeendesha mashtaka ni Horace Avory. Jaji alikuwa Sir Forrest Fulton. Jina hilo la pili linahitaji kusomwa mara mbili, kwa sababu mwaka 1877, akiwa wakili, Fulton ndiye aliyemshtaki John Smith.

Wakili wa Beck, Charles Gill, alikuwa na karata moja kubwa. Mtaalamu wa miandiko wa upande wa mashtaka, Thomas Gurrin, alikuwa amekwisha kusema kwamba hundi na barua za 1895 ziliandikwa na mkono uleule wa 1877. Sawa, alisema Gill moyoni, na tukubali. Lakini mwaka 1877 Beck alikuwa Peru, Amerika ya Kusini, na watu waliomfahamu huko walikuwepo kulithibitisha hilo. Basi ikiwa mwandishi wa 1877 ndiye mwandishi wa 1895, Beck si yeye. Hoja yenyewe ilikuwa fupi na haikuhitaji kumwita mwanamke yeyote mwongo. Gill aliposimama kumhoji Gurrin kuhusu miandiko ya 1877, Avory akapinga: hilo ni jambo la pembeni, halimo katika mashtaka. Fulton akakubaliana na Avory. Jopo la raia 12 waliokaa kuamua kesi hawakuusikia ushahidi huo. Walichosikia ni wanawake kumi, kila mmoja akinyoosha kidole kizimbani. Tarehe 5 Machi wakamtia Beck hatiani, akapewa miaka saba na kazi ngumu.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama kisa cha macho yaliyokosea. Mimi nakisoma vingine kidogo. Macho yalikosea, ndiyo, lakini ufunguo wa kosa ulikuwa mezani, na mahakama ikakataa kuugusa.

Gerezani Beck alipewa namba ya mfungwa John Smith, D 523, na kuongezewa herufi W kuonyesha kwamba amerudi kwa mara nyingine. Alipeleka maombi yapatayo kumi Wizara ya Mambo ya Ndani. Mwaka 1898 hatimaye mtu alifungua kumbukumbu za Smith, akakuta jambo ambalo halina mjadala: Smith alikuwa Myahudi, ametahiriwa. Beck hakutahiriwa. Hakuna mwanadamu aliyewahi kutahiriwa mwaka 1877 akawa hajatahiriwa mwaka 1896. Wizara ikamwandikia Fulton kutaka maoni yake. Fulton akajibu kwamba hata kama Beck si Smith, bado ushahidi wa wanawake wa 1895 unatosha. Ile herufi W ikafutwa kwenye namba. Beck akaachwa ndani hadi mwaka 1901, alipotoka kwa masharti.

Msomaji atauliza: kwa nini hakukata rufaa? Jibu ni kwamba hapakuwa na rufaa ya kukata. Uingereza, nchi iliyokuwa ikipeleka majaji wake pembe zote za dunia, haikuwa na mahakama ambayo mtu aliyetiwa hatiani na jopo angeweza kuiendea na kusema: wamekosea kuhusu ukweli wa mambo. Tangu 1848 palikuwa na mahakama ya kuamua hoja za sheria tu, tena pale jaji aliyesikiliza kesi alipopenda mwenyewe kuipelekea hoja. Kwa mfungwa wa kawaida lilibaki ombi la huruma kwa waziri, na waziri alimuuliza nani? Jaji yuleyule.

Mwaka 1904 yakarudi yaleyale. Mwanamke mwingine akalalamika kuhusu bwana mtanashati na pete zake, polisi wakamkumbuka Beck, wakamkamata mwezi Aprili. Safari hii wanawake watano walimtambua. Tarehe 27 Juni jopo likamtia hatiani tena. Lakini Jaji Grantham hakuridhika na alichokiona, akaahirisha kutoa adhabu. Siku kumi baadaye, tarehe 7 Julai, Beck akiwa rumande, mwanamume mmoja alikamatwa London akijaribu kuweka rehani pete alizokuwa amewalaghai wasichana wawili waigizaji. Mtindo ulikuwa uleule. Inspekta John Kane, aliyeijua kesi ya Beck, alikwenda kumwona mtu huyo kituoni, akaelewa mara moja. Jina lake halisi lilikuwa Wilhelm Meyer, mzaliwa wa Vienna, daktari aliyewahi kuishi Hawaii. Alikuwa na kovu kwenye taya. Macho yake yalikuwa ya kahawia, ya Beck ya buluu. Wanawake walipoletwa kumwona Meyer wakakiri kwamba walikosea. Gurrin naye alikiri kuwa alikosea kumhusisha Beck na mwandiko ule. Meyer akakubali kosa, akafungwa miaka mitano.

Mfalme akampa Beck msamaha kwa hatia zote mbili. Sheria ya siku zile haikuwa na njia nyingine ya kumsafisha isipokuwa kumsamehe kwa makosa ambayo hakuyatenda. Akapewa fidia ya pauni 2,000, magazeti yakapiga kelele, hasa George R. Sims wa Daily Mail, ikapandishwa kufikia 5,000. Haikumfaa sana. Alikufa mwaka 1909 akiwa hana kitu.

Kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji Sir Richard Henn Collins ilihoji kila aliyehusika. Katika taarifa yake iliandika kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa sura, hata ukitolewa kwa nia safi kabisa, pengine ndio wa kutegemewa kidogo kuliko aina zote za ushahidi, na usipoungwa mkono na mambo mengine ni msingi wa hatari kujengea hatia. Mwaka 1907, kisa cha Beck kikiwa bado kibichi na kile cha wakili George Edalji, aliyetiwa hatiani kimakosa, kikiwa kimeongeza moto, Bunge likapitisha sheria ya kuunda Mahakama ya Rufaa za Jinai. Kwa mara ya kwanza jaji wa Uingereza aliweza kuambiwa: uamuzi wa jopo hauendani na ushahidi, uutengue. Mmoja wa majaji walioketi kwenye mahakama hiyo miaka iliyofuata ni Horace Avory. Historia ina vichekesho vyake.

Kuwa na mahakama ni jambo moja, kuthubutu ni jingine. Skotlandi, yenye mfumo wake wa sheria, haikupata mahakama ya namna hiyo hadi 1926. Huko Glasgow, Mjerumani Oscar Slater alihukumiwa kunyongwa mwezi Mei 1909 kwa mauaji ya bibi kizee, akapunguziwa adhabu ikawa kifungo cha maisha. Baadhi ya mashahidi waliomtambua walikuwa wameonyeshwa picha yake kwanza. Alivunja mawe katika gereza la Peterhead kwa zaidi ya miaka 18. Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Sherlock Holmes, aliyewatetea Beck na Edalji pia, alimpigania kwa miaka mingi, na ikabidi Bunge lipitishe sheria maalumu ili rufaa yake isikilizwe. Mwaka 1928 majaji wakaifuta hatia. Kwa sababu gani? Si kwa kuwa mashahidi walikosea. Walisema jaji wa kesi alilielekeza jopo vibaya kuhusu tabia ya mshtakiwa. Kuhusu macho ya mashahidi hawakutaka kugusa, maana jopo lilikwisha yaamini, na jopo halitoi sababu. Linasema “ana hatia” au “hana”, kisha wajumbe wake wanarudi makwao. Jaji wa rufaa anabaki kukisia walifikiri nini.

Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia, na inaingia kwa mlango ambao wengi hawaujui. Waingereza walipoweka mahakama zao Mombasa na Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, hawakuleta utaratibu wa London. Walileta sheria za India, na Mwongozo wa Mashauri ya Jinai wa India uliruhusu rufaa juu ya ukweli wa mambo, si juu ya sheria peke yake. Kwa maandishi basi, mtu aliyehukumiwa na hakimu chini ya mwongozo ule hapa pwani alikuwa na haki ambayo Beck aliikosa Old Bailey. Kwa maandishi, nasema. Kuifikia haki hiyo ukiwa mfungwa usiyejua Kiingereza, huna wakili, na wazungu ndio polisi, ndio hakimu, ndio jaji, ni habari nyingine.

Mwaka 1902 ikaundwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ilipokea rufaa kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar na hata Aden na Shelisheli. Majaji wake walisafiri, leo Nairobi, kesho Dar es Salaam, keshokutwa Kampala. Kulikuwa na tofauti nyingine iliyozaa matunda ambayo waliopanga hawakuyakusudia. Jopo la raia, huko Kenya, lilikuwa kwa ajili ya washtakiwa wa Kizungu. Mwafrika alihukumiwa na jaji aliyesaidiwa na wazee wa baraza, ambao maoni yao hayakumfunga. Ubaguzi ulikuwa wazi. Lakini jaji anayeamua peke yake analazimika kuandika sababu zake, na sababu zilizoandikwa zinaweza kusomwa, kupimwa na kuonekana zina tundu. Majaji wa rufaa wa Afrika Mashariki walikuwa na kitu mkononi ambacho wenzao wa London hawakuwa nacho.

Walianza na gwaride la utambuzi. Mwaka 1936, katika kesi ya Mwango mwana wa Manaa, mahakama ile iliweka kanuni ambazo polisi wa Kenya na Tanzania wanazifuata mpaka leo, au wanapaswa kuzifuata. Mshtakiwa apangwe na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kadiri inavyowezekana kwa umri, urefu, sura na hali ya maisha. Achague mwenyewe pa kusimama, na akitaka abadilishe nafasi kila shahidi anapotoka. Mpelelezi wa kesi asiliendeshe gwaride. Shahidi asimwone mtuhumiwa kabla, wala asizungumze na shahidi aliyetangulia. Aambiwe kwamba mtu anayemtafuta huenda yumo, huenda hayumo. Akimtambua amguse. Ukizipitia kanuni hizo moja moja huku ukimkumbuka Beck, mwenye mvi peke yake mstarini, utaona kila moja inaziba tundu ambalo mtu fulani alikwisha kutumbukia.

Kisha mwaka 1953 ikaja hukumu ya Abdulla bin Wendo, ambayo mawakili wa nchi zetu wameitaja mara nyingi pengine kuliko nyingine yoyote juu ya suala hili. Majaji walisema kwamba kisheria shahidi mmoja anatosha kuthibitisha jambo. Lakini pale anapomtambua mtu, na hasa mazingira ya kuona yalipokuwa magumu, ushahidi wake upimwe kwa uangalifu mkubwa kabisa, na utafutwe ushahidi mwingine wa kuonyesha kwamba hakukosea. Mwaka 1967, katika kesi ya Roria, Makamu wa Rais wa mahakama hiyo, Sir Clement de Lestang, aliongeza kwamba hatia inayosimama juu ya utambuzi pekee huacha wasiwasi. Alikumbusha maneno aliyoyasema Lord Chansela Gardiner bungeni London: kama wapo wasio na hatia wanaofungwa siku hizi, basi tisa katika kila kumi ni kwa sababu ya kufananishwa. Wajibu wa mahakama ya rufani, alisema de Lestang, ni kujiridhisha yenyewe kwamba ni salama kuutegemea utambuzi ule. Sikiliza hapo: yenyewe. Haitoshi kusema hakimu alimwona shahidi na sisi hatukumwona.

Uingereza ilifika hapo ikiwa imechelewa. Mwaka 1969 Laszlo Virag alifungwa miaka kumi kwa kuiba fedha kwenye mashine za maegesho na kumfyatulia polisi risasi. Mashahidi wanane walimtambua, wakiwemo polisi, na mmoja alisema sura ile imechapwa kwenye ubongo wake. Aliyefanya ni mtu mwingine. Luke Dougherty alitiwa hatiani mwaka 1973 kwa wizi wa dukani, ilhali siku ya tukio alikuwa ndani ya basi la matembezi pamoja na abiria kibao wa kumshuhudia. Baada ya taarifa ya mwaka 1976 ya kamati ya Lord Devlin, iliyochunguza makosa hayo, majaji watano wa rufaa wakiongozwa na Lord Widgery waliamua kesi ya Turnbull, wakaagiza kwamba kila jaji aonye jopo kuhusu hatari hiyo. Walikumbusha pia kwamba watu hukosea hata wanapodhani wameona jamaa au rafiki wa karibu. Mawakili wachanga wa kwetu huianza hoja yao na Turnbull kana kwamba jambo lilizaliwa London mwaka huo. Abdulla bin Wendo ilikwisha kutimiza miaka 23.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mahakama yake ya rufani ilivunjika nayo. Kenya iliunda ya kwake mwaka huohuo, Tanzania mwaka 1979. Majengo na majoho yaligawanywa, hukumu hazikugawanyika. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ikiwa bado changa, iliamua kesi ya Waziri Amani, ikasema ushahidi wa kutambua kwa macho ni dhaifu kuliko wote na wa kutegemewa kidogo, na kwamba mahakama isiutegemee mpaka kila uwezekano wa kufananisha uwe umeondolewa. Ni sauti ya Kamati ya Collins ya 1904, sasa ikitoka Tanzania huru. Hakimu akaagizwa aulize: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Kwa umbali gani? Ilikuwa mchana au usiku, na mwanga ulikuwaje? Alikuwa akimjua kabla?

Swali la mwanga ndilo lililoangusha kesi nyingi. Vijijini kwetu ujambazi hufanyika usiku, na polisi huandika maelezo kwa kifupi: “nilimtambua kwa msaada wa mwanga wa taa.” Taa gani? Katika rufaa moja iliyofunguliwa mwaka 2005 majaji wa Tanzania waliliweka wazi jambo ambalo kila aliyekulia kijijini analijua: mwanga wa kibatari haulingani na wa karabai wala wa taa ya umeme ya mrija, kwa hiyo shahidi lazima aeleze ukali wa mwanga na eneo ulilolimulika. Kibatari kilichowekwa sakafuni nyuma ya mlango humulika miguu ya anayeingia na kuacha uso wake gizani. Tochi iliyoshikwa na jambazi humulika uso wa anayeibiwa, si wa anayeiba. Kenya nayo ilisema hivyohivyo mwaka 1986 katika kesi ya Maitanyi: ulizia aina ya mwanga, ukali wake, na ulikuwa upande gani ukilinganisha na mtuhumiwa. Hakimu asiyeuliza hayo anaiachia mahakama ya rufani jalada lisilo na majibu, na jalada lisilo na majibu humnufaisha mrufani, awe jambazi au asiwe.

Wapo wanaolalamika. Mama aliyevamiwa, akapigwa panga, akamtambua jirani yake, anarudi miaka mitano baadaye na kumkuta jirani yuko huru sokoni kwa sababu hakimu hakuandika neno juu ya chemli. Uchungu wake ni wa haki. Mahakama ya Uganda, katika kesi ya Nabulere mwishoni mwa miaka ya 1970, ilijaribu kuweka mizani: ubora wa utambuzi ukiwa mzuri, hata shahidi mmoja anatosha. Mahakama ya Rufani ya Kenya mwaka 1980 ilikumbusha kwamba kumtambua mtu unayemfahamu kuna uzito kuliko kumtambua mgeni. Lakini kuwalaumu majaji wa rufani ni kulaumu mtu wa mwisho kwenye foleni. Karatasi zilizomfikia jaji ziliharibiwa usiku wa kwanza, kwenye kituo cha polisi, na askari aliyeandika “taa” akaona kazi imekwisha.

Na wengi wanaokata rufaa hizo hawana wakili. Tanzania, unyang'anyi wa kutumia silaha una adhabu isiyopungua miaka 30. Aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya ana siku kumi za kutoa taarifa ya kusudio la rufaa na siku 45 za kuleta sababu zake, na akiwa gerezani huzipitisha kwa mkuu wa gereza. Sababu hizo mara nyingi huandikwa na mfungwa mwenyewe au mwenzake aliyesoma kidogo. Mahakama Kuu ikizisikiliza kwa mara ya kwanza inatakiwa kuupima ushahidi wote upya, kama ilivyosisitizwa katika kesi ya Pandya mwaka 1957 na ya Okeno mwaka 1972. Ikishindwa kufanya hivyo, Mahakama ya Rufani inaweza kuingilia.

Kuna jambo moja zaidi ambalo majaji wa Tanzania hulitafuta kwenye jalada kabla ya lolote, na waliliweka wazi katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita: shahidi alimtaja mtuhumiwa lini? Aliyemtaja mara ya kwanza alipopata nafasi anaaminika. Aliyekaa siku kadhaa bila kumtaja, bila sababu, anazua maswali. Kwa hiyo msomaji, ukivamiwa, usingoje mahakamani. Mwambie jirani wa kwanza anayefika na askari wa kwanza anayekuja: jina kama unalijua, na kama hulijui basi urefu, mavazi, kovu, sauti. Sema taa ilikuwa ya aina gani, imewekwa wapi, na mlitazamana umbali gani na kwa muda gani. Kama hukumwona vizuri, sema hukumwona vizuri. Kisha mwombe askari akusomee alichoandika kabla hujatia sahihi.